Homa Iliyopewa Jina la Mgongo

Kiswahili kimeuita ugonjwa huu homa ya uti wa mgongo, na mimi nina ugomvi wa muda mrefu na jina hilo. Ukilisikia, mkono unaenda kiunoni. Unamfikiria mtu aliyepinda, mtu wa kiti cha magurudumu. Kumbe ugonjwa wenyewe ni wa utando, ile ngozi nyembamba inayofunika ubongo kisha ikateremka kuufunika na uti wa mgongo. Bakteria wakifika pale, hasara kubwa wanaifanya juu, kichwani. Mgongoni ndiko daktari anakochoma sindano ili apate maji ya kupima, kwa sababu huwezi kumtoboa mtoto fuvu kila ukishuku jambo. Ni kama nyumba iungue jikoni halafu mtaa mzima uuite moto wa dirishani, kwa kuwa moshi ulitokea dirishani.

Nalisema hili kwa sababu nyumbani kwetu jina lile lilifanya kazi. Lilituonyesha pa kuangalia.

Ilikuwa 1996, Tanga. Mdogo wangu alikuwa na miezi saba, mimi miaka minane. Ninachokikumbuka mwenyewe ni kidogo: kilio chembamba ambacho hakikuwa cha njaa, na mama akisema utosi umesimama. Mengine nimeyapata kwa mama, kwa awamu, maana kila nikienda likizo namhoji kama vile naandika makala. Mtoto alikataa ziwa tangu asubuhi. Mchana akawa wa moto. Magharibi akakakamaa, macho yakageuka. Jirani mmoja, mama mtu mzima na mwenye huruma kabisa, akasema hii ni degedege, na mtoto wa degedege hachomwi sindano, akichomwa anakufa papo hapo. Wasomaji wa pwani mnaijua imani hiyo. Degedege, dege, yule ndege mkubwa apitaye juu ya nyumba usiku na kumwachia mtoto kivuli chake. Dawa ni kufukizwa. Mama alimsikiliza jirani hadi mwisho, akamshukuru, akamfunga mtoto kwa kanga, akatoka. "Nilimwambia naenda kutafuta mavi ya tembo," huwa anasema, na hapo ndipo anapocheka.

Maji waliyomtoa mgongoni yalikuwa kama maji ya kuoshea mchele. Yanatakiwa yawe maangavu. Wakaanza penisilini na kloramfenikoli, dawa za enzi hizo, kila saa sita, kwenye mshipa wa kichwani kwa sababu ya mikononi ilikuwa haionekani tena. Siku ya 16 daktari akasema amepona. Karatasi ya ruhusa mama anayo hadi leo, kwenye mfuko wa nailoni pamoja na hati ya kiwanja. Imeandikwa kwa mwandiko wa haraka kwamba hali ni nzuri, arudi akiona tatizo.

Sasa tatizo lipi? Kwa kuwa ilikuwa homa ya uti wa mgongo, sisi tulisubiri tatizo la mgongo. Na kwa kuwa alichomwa sindano ya mgongo, sindano ambayo hadi leo watu wanaamini inalemaza, tulisubiri kwa hofu mara mbili. Bibi alimkanda kila jioni kwa mafuta ya nazi, kuanzia shingoni hadi kwenye mkia wa mgongo. Alipokaa mwenyewe, watu walipumua. Alipotembea, akiwa na miezi 15, mama alipika bokoboko akagawa kwa majirani, na yule wa degedege akapata sahani yake. Mgongo mzima, miguu mizima. Hakuna aliyefikiria masikio.

Alianza darasa la kwanza 2002. Msomaji wa rika langu anaukumbuka mwaka huo. Ada ya shule ya msingi ilikuwa imefutwa, MMEM imeanza, na watoto waliokuwa wamebaki majumbani walimiminika shuleni kwa mkupuo. Darasa lao lilikuwa na watoto zaidi ya 100. Siku ya kuandikishwa alipimwa kwa kile kipimo cha zamani ambacho wengi wetu tulipimwa nacho: pitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, gusa sikio la kushoto. Ukiligusa, umeshakua, karibu shule. Mdogo wangu aliligusa bila taabu. Lilikuwa sikio ambalo halisikii chochote.

Kwa kuwa alikuwa mrefu, aliwekwa nyuma. Imla aliandika kwa kuchungulia, na alipokatazwa kuchungulia aliandika vitu vya ajabu, maneno yaliyofanana na yale yaliyosomwa kwa mbali tu, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Alichapwa kwa imla. Alichapwa pia kwa kiburi, maana ukimwita haitiki. Akakaririshwa darasa la pili. Wenzake wakamwita mbumbumbu, na baba, ambaye hakuwa mtu mkatili, akaanza kusema "huyu wa kwetu kichwa kizito" kwa sauti ile ile ambayo mtu husema mwaka huu mvua haba. Kwenye ripoti ya mwisho wa mwaka mwalimu aliandika: hana usikivu. Nimeitazama ripoti hiyo mara nyingi. Mwalimu aliandika ukweli mtupu, neno kwa neno, akiwa na maana nyingine kabisa.

Aliyegundua ni bibi, na alisaidiwa na mgawo wa umeme. Bibi alikuwa mtu wa hadithi. Alikuwa anaanza kwa "Paukwa!" na sisi wote tunaitikia "Pakawa!" Umeme ukiwepo, mdogo wangu aliitikia pamoja nasi, na hadithi aliifuata, anacheka panapochekwa. Umeme ukikatika, kabla koroboi halijawashwa, alinyamaza. Bibi alisema "Paukwa" gizani, sauti moja ikakosekana. Akawasha koroboi, akasema tena, sauti ikarudi. Alirudia mchezo huo siku kadhaa bila kumwambia mtu, akizima na kuwasha, na sisi tulidhani anabana mafuta ya taa. Kisha akamwambia baba: "Mwanao si mjinga. Mwanao ananisikia kwa macho."

Alikuwa na miaka tisa. Kipimo cha masikio kilionyesha kwamba la kushoto limekufa na la kulia limepoteza sauti nyembamba, zile zinazotenganisha "sita" na "fita". Daktari aliuliza swali moja: aliwahi kulazwa akiwa mchanga? Miaka miwili na ushee shuleni, fimbo zote zile, na hakuna aliyekuwa amemuuliza mama swali hilo.

Nilipoanza kazi ya uandishi wa habari nilijikuta nakusanya kila ninachokiona kuhusu jambo hili. Sehemu ya sikio inaeleweka vizuri. Maji yanayozunguka ubongo yana kinjia chembamba cha kufika sikio la ndani, kwenye kile kidude chenye umbo la konokono kinachogeuza sauti kuwa habari za ubongo. Uvimbe unapita humo humo. Vinyweleo vya kusikia vikifa havioti tena, na wakati mwingine konokono yule anaanza kujaa mfupa ndani ya wiki chache, kiasi kwamba hata kifaa cha kupandikizwa kinakosa pa kuingia. Ndiyo maana Uingereza mwongozo wao unataka mtoto aliyeugua ugonjwa huu apimwe masikio ndani ya wiki nne tangu awe na hali ya kuweza kupimwa. Wiki nne. Sisi tulingoja miaka minane, na bado kuna waliongoja zaidi.

Wala si kisa cha nadra. Shirika la Afya Duniani linasema karibu mmoja kati ya watano wanaougua homa hii inayoletwa na bakteria hubaki na madhara ya kudumu. Uchambuzi mmoja mkubwa uliochapishwa 2010, uliojumlisha tafiti za nchi nyingi, ulikuta kwamba katika madhara makubwa upotevu wa kusikia ndio unaoongoza, ukifuatiwa na kifafa, udhaifu wa viungo na matatizo ya kufikiri. Ulikuta pia kwamba Afrika hatari ya kubaki na dhara kubwa ni karibu mmoja kati ya wanne, zaidi ya mara mbili ya Ulaya. Na hapo tunawahesabu waliotoka wodini wakiwa hai.

Lakini sikio halikueleza kila kitu, na hapa ndipo ninapokaa na jambo hili kwa muda mrefu zaidi. Mdogo wangu alihamishiwa dawati la mbele, upande wa kushoto wa darasa ili sikio zuri lielekee kwa mwalimu. Imla ikapanda. Hesabu ikapanda sana. Lakini ukimtuma dukani vitu vitatu, tena umemwambia uso kwa uso mchana kweupe, analeta viwili. Jedwali la saba alilijua Jumatatu, Alhamisi limeyeyuka. Na alikuwa na wiki mbaya: akiugua malaria, au hata mafua ya kawaida, yale aliyofundishwa siku hizo yalikuwa kama hayajawahi kufundishwa. Mama alikuwa anasema homa inamfutia ubao.

Miaka mingi baadaye nilisoma kuhusu panya wa Colorado, Marekani. Mwaka 2005 mtafiti Staci Bilbo na wenzake walichapisha jaribio ambalo walichukua vitoto vya panya wa siku nne na kuwaambukiza bakteria wa E. coli, kisha wakawaacha wapone na wakue. Walipokuwa wakubwa waliwafundisha kuitambua sehemu fulani iliyowahi kuwatisha. Panya hao walijifunza kama wenzao. Hakuna tofauti. Ila watafiti walipowachokoza tena kinga ya mwili wakati ule ule wa kujifunza, kwa kuwachoma vipande vya bakteria waliokufa, wale waliougua utotoni walisahau. Wale ambao hawakuugua, wakichomwa kitu kile kile, walikumbuka.

Maelezo yao yanahusu seli za ulinzi za ubongo, ziitwazo mikroglia. Nizieleze kwa namna yetu. Mtaa ulioibiwa usiku mmoja huwa na sungusungu wakali. Wizi umekwisha, miaka imepita, lakini paka akiruka ukuta sungusungu wanatoka na mapanga, wanafunga barabara, na mwenye shughuli zake halali hapiti. Katika ubongo, eneo linaloitwa hipokampasi ndiko kumbukumbu mpya zinakoanza kupangwa, na sungusungu wa pale, kama waliamshwa vibaya siku za mwanzo za maisha, hubaki wamekaa mkao wa vita. Wakichokozwa wanamwaga kemikali iitwayo interlukini-1 beta kupita kiasi. Kidogo yake kinahitajika ili mtu ajifunze. Ikizidi, somo la siku hiyo halihifadhiwi. Watafiti walipoizuia kemikali hiyo isitengenezwe, panya wale walikumbuka kama kawaida.

Panya si mtoto, na mimi si wa kwanza kuonywa na daktari kwamba nisichukue kizimba cha maabara nikakipachika Tanga. Panya wale hawakuwa hata na homa ya uti wa mgongo kama ya mdogo wangu. Kwa hiyo sisemi ndicho kilichomtokea. Ninachokipenda katika jaribio lile ni namna linavyouvunja ule mgawanyo wetu wa watoto wawili tu, mwenye akili na asiye na akili. Panya yule yule alikuwa na akili Jumatatu na hana Alhamisi. Ukimpima siku nzuri utasema hana tatizo. Ukimpima siku mbaya utamwandikia kichwa kizito. Mama, ambaye aliishia darasa la saba, alikuwa ameliona jambo hilo kwa mtoto wake kabla sijaanza hata kidato cha sita.

Hakuna atakayeweza kutenganisha sasa. Kiasi gani kilikuwa sikio, kiasi gani ubongo uliovimba, kiasi gani ile miaka ya nyuma ya darasa ambayo hakusikia kitu wakati wenzake wanajengewa msingi, kiasi gani fimbo. Mtoto asiyesikia maneno katika miaka ile ambayo ubongo unajipanga kwa lugha, anakosa pia matofali ya kufikiria. Vyote vinaingia kwenye chungu kimoja.

Chuoni tulisomeshwa Helen Keller, kitabu chake cha 1903 kuhusu maisha yake, na mhadhiri alitaka tuzungumzie Anne Sullivan, yule mwalimu aliyefika Alabama Machi 1887 na kumfungulia mtoto dunia. Mimi nilikwama kwenye ile homa. Miezi 19, homa ya siku chache, kisha familia inafurahi kwamba mtoto amenusurika. Wataalamu wengi wa leo wanahisi ilikuwa ni ugonjwa huu huu. Furaha ile ya siku homa iliposhuka ndiyo niliyoitambua, kwa sababu nimeila kwa bokoboko. Kwa muda fulani watu wa nyumba ile walisherehekea wakiwa hawajajua.

Tofauti ni kwamba sasa mengi yanazuilika. Bakteria aitwaye Hib, aliyekuwa akiongoza kwa kuleta homa hii kwa watoto wadogo pamoja na yule wa nimonia, nimokokasi, ana chanjo. Kenya waliianza 2001, na watafiti wa Kilifi waliokuwa wakihesabu wagonjwa tangu kabla waliona ugonjwa mkali wa Hib kwa watoto wa chini ya miaka mitano ukishuka kwa asilimia 88 ndani ya miaka michache. Sisi Tanzania tuliiingiza 2009, ndani ya ile chanjo ya mchanganyiko wa magonjwa matano. Ya nimokokasi ilifuata 2013. Mdogo wangu alifanya mtihani wa darasa la saba mwaka ule ule wa 2009, hakuchaguliwa. Sikumbuki kama gazeti lolote tuliloletewa nyumbani mwaka ule liliandika chanjo ile ukurasa wa mbele. Ningekuwa mhariri ningeandika kwa herufi kubwa, lakini ndo hivyo, chanjo ikifanya kazi hakuna picha ya kupiga.

Kwa watoto wachanga kabisa, wa siku za kwanza, habari ni ngumu zaidi. Wao huambukizwa kabla hata ya chanjo, na dalili zao hazina adabu: mtoto hanyonyi, analegea, pengine mwili ni wa baridi badala ya moto. Shingo haikakamai kama vitabu vinavyosema. Na dawa zinazowaokoa, ampisilini na gentamaisini, moja kati yake, gentamaisini, inaweza nayo kugusa masikio. Inatolewa kwa uzito na kwa siku za kuhesabu, na bila yake wengi wangekufa. Hata hivyo ni sababu nyingine ya kumpima mtoto akitoka.

Hilo nililijua kwa vitabu. Mwaka jana likaja nyumbani. Mdogo wangu sasa ni fundi pikipiki, fundi mzuri, anayetambua ubovu wa injini kwa kuweka kiganja juu ya tangi. Mkewe alijifungua mtoto wa kike, na siku ya tatu mtoto akaacha kunyonya. Maambukizi kwenye damu. Siku kumi wodini. Mdogo wangu alinipigia simu kila jioni akiwa ameweka spika, na mara ya kwanza hakunisalimia, alisema, "Dada, nimemuuliza sista kama wamepima maji ya mgongo. Amesema wamepima, ni safi. Akaniuliza umejuaje kuuliza."

Siku ya kuruhusiwa, mama mkwe wake alikuwa ameshaleta kanga mpya na watu wanapiga vigelegele. Yeye akamsogelea daktari, akageuza kichwa kuelekeza sikio la kulia, akauliza: "Atasikia?" Daktari akamwambia mtoto amepona, ashukuru Mungu. "Nashukuru sana, daktari. Nauliza masikio." Pale hospitalini kifaa hakikuwepo. Aliandikiwa barua ya kwenda Dar es Salaam.

Nilikwenda nao. Kipimo chenyewe ni kitu kidogo mno kwa wasiwasi uliokitangulia. Kiplagi laini kinawekwa sikioni mtoto akiwa amelala, kinatoa mlio mdogo, na sikio la ndani likiwa zima linarudisha mwangwi wake, ambao mashine inausikia. Dakika chache tu. Kilichochukua muda ni kumlaza mtoto, na aliyemlaza ni baba yake, akimpigapiga mgongoni na kunong'ona kitu ambacho mimi sikukisikia. Sikio la kushoto likajibu. La kulia mashine ikasema lirudiwe. Mtaalamu akaeleza kwamba kwa mtoto mchanga hutokea mara nyingi, uchafu wa kuzaliwa au majimaji yanaziba, na kwamba tusilie wala tusishangilie, turudi baada ya wiki nne.

Mdogo wangu aliitoa kadi ya kliniki, akaomba kalamu, akaandika tarehe hiyo mwenyewe pembeni ya mstari wa chanjo ya surua, kwa herufi kubwa, akapigia mstari chini. Kwenye basi la kurudi Tanga alichagua kiti cha dirishani, safu ya kushoto, mkewe na mtoto wakakaa kulia kwake.